Vibao vya Mwerezi vya Babu

Croydon, London
17 Septemba 2023

Kwa Shangazi Aikaeli,

Shikamoo. Barua yako ya Agosti imenifikia jana, baada ya wiki tatu na siku mbili njiani. Mimi ni mzima. Kazi kwenye nyumba ya wazee inaendelea, miguu inauma jioni, lakini nakula na nalala. Bi Jasmeet, mwenye nyumba ninamopanga, anakusalimu. Alizaliwa Arusha akaondoka msichana, na Kiswahili chake kimebaki kile cha dukani: "Wewe andikia shangazi, ambia yeye salamu mingi." Nimekuambia.

Natumaini ng'ombe ameshazaa na masikio hayajazidi kukusumbua. Sichoki kuandika. Simu huisikii, na ujumbe nikiutuma kwa Lawrence anausoma yeye kwanza, halafu anakupa kile alichoona kinakufaa. Ni mdogo wangu nami nampenda, lakini ndivyo alivyo.

Sasa lile uliloliandika mwishoni, mistari miwili, kana kwamba ni habari za kuku: kwamba Lawrence ameshashusha tofali na anataka kuivunja nyumba ya Babu. Nimeisoma mistari hiyo hadi karatasi imelegea kwenye mkunjo. Wewe ndiye uliyetulea ndani ya nyumba hiyo baada ya Baba na Mama kufariki. Hujaandika utakaa wapi.

Sijawahi kukueleza kwa nini napanga hapa. Vilikuwepo vyumba karibu zaidi na kazini. Nilipokuja kukitazama hiki nilishuka kwenye tramu, nikapanda kilima, nikakuta mtaa mzima wa nyumba za tofali nyekundu, zimenyooka, zinafanana. Katikati yake kuna moja ambayo ghorofa yake ya juu imevishwa vibao vya mbao, safu juu ya safu, kama ya kwetu. Nilisimama barabarani hadi Bi Jasmeet akafungua dirisha kuniuliza kama nimepotea.

Vibao vimekuwa vya kijivu kama mgongo wa njiwa, ila chini ya paa, pasipofika jua, bado vina wekundu. Hakuna viwili vyenye upana mmoja. Mvua ikianza, ukuta hauingii giza wote mara moja. Kinaanza hiki, kinafuata kile, kama watu wanaopokea habari. Ukuta wa tofali ukishautazama umeumaliza. Huu nimeutazama mwaka mzima, asubuhi na jioni, na bado. Shangazi, hapa watu wanamtafuta fundi mbali ili nyumba yao ifanane na ya Babu.

Nimempigia Lawrence, akasema "tutaongea". Mwambie asiguse kitu kwanza. Au usimwambie, nitafute namna.

Ni mimi mtoto wako,
Maureen


Siha
22 Oktoba 2023

Mwanangu Maureen,

Marahaba. Bwana asifiwe. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hatuna la kushangilia. Ndizi zimekubali mwaka huu. Mchungaji mpya anahubiri kwa sauti ndogo, au ni mimi. Watu wakicheka kanisani nami nacheka, wakinyamaza nanyamaza, na wananiona muumini makini.

Mwambie Bi Jasmeet nimepokea salamu zake. Katika darasa langu Kiswahili chake kingepata tisa kwa hamsini, lakini moyo wake ningeupa zote.

Kuhusu nyumba. Wewe unauona uzuri wake kwa kuwa umekwenda mbali. Hapa nyumba ya mbao ni nyumba ya mtu aliyeshindwa. Mke wa Lawrence aliulizwa sokoni, mbele za watu: "Wifi yako yuko London, nyinyi bado mnakaa kwenye mabanzi?" Walicheka, naye alicheka, akarudi nyumbani hakula. Mtu hawezi kumsimamisha kila mpita njia amweleze kwamba haya si mabanzi ya kiwandani, ni mwerezi uliopasuliwa kwa mkono.

Mimi nilikuwepo. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mbao cha mzungu, na vipande vifupi visivyouzika alipewa avichukue. Alivipasua mwaka mmoja na nusu, jioni na Jumamosi. Nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu ilikuwa kumpa vibao juu ya ngazi. Unaanza chini kwenda juu, na kila safu inafunika misumari ya safu iliyo chini yake. Theluthi mbili ya kila kibao imefunikwa, haionekani na mtu. Nilimuuliza kwa nini tunaficha mbao nzuri hivyo. Akasema hiyo iliyofichwa ndiyo inayozuia mvua, hii ya nje ni ya kukauka tu.

Lakini desturi unaijua. Kihamba, shamba la ukoo, na nyumba iliyomo ni vya mtoto wa kiume wa mwisho. Lawrence ndiye mwenye nyumba. Wewe ni dada, na mimi ni shangazi niliyerudi kutoka kwa mume. Tunakaa, hatumiliki. Wanaoweza kumwambia neno ni wazee wa ukoo, na kikao ni Alhamisi tarehe 28 Desemba, watu wote wakiwa wamerudi kwa Krismasi. Mtu akisimama mbele yao wanamsikiliza, hata akiwa mwanamke, hasa akiwa ametoka mbali. Barua ni karatasi tu.

Utakuja?

Kuhusu mimi usijali. Pa kukaa patapatikana.

Shangazi yako,
Aikaeli


Croydon
26 Novemba 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baridi imeanza. Saa kumi jioni ni giza, na wazee kazini wanalala mapema kama kuku. Pole kwa dume. Bi Jasmeet alicheka sana kuhusu zile tisa, akasema baba yake hata mbili asingepata.

Desemba sitaweza. Kazini hawatoi ruhusa.

Nimeandika barua ya kusomwa kwenye kikao. Imo humu, ndani ya bahasha yake, pamoja na picha sita za nyumba hii. Wiki iliyopita fundi alikuja kubadilisha vibao vilivyooza upande wa mvua, nami nilikuwa na siku ya mapumziko, nikamshikia ngazi. Alitoa kibao kimoja cha zamani akanipa. Sehemu iliyokuwa imefunikwa ilikuwa na rangi ya asali na bado inanukia, baada ya miaka sitini. Nimekiweka mezani. Niliamua hapo hapo kwamba barua isiwe ya kulalamika. Lawrence hasikii kilio, anasikia sifa. Kwa hiyo nimeusifu ukuta kama mtu anavyomsifu bibi harusi. Nimeandika kwamba watu wa huku wakija mlimani hawaji kutazama tofali, tofali wanazo za kutosha. Kwamba mtu wa London angesafiri siku nzima ili alale nyuma ya vibao vile. Nimeandika kwamba nyumba ya Babu ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote tulivyo navyo na hakuna anayejua.

Nimeiandika mara nne. Aisome mzee mwenye sauti nzito, asiisome Lawrence.

Najua uliuliza neno moja tu, nami nimekujibu kwa karatasi nyingi. Nisamehe.

Maureen


Siha
7 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikuwa watu ishirini na saba. Nimeshona kitambaa kipya cha meza. Watoto wa Lawrence wamekuwa warefu, wananiandikia kwenye karatasi wanachotaka, na wanaandika vibaya. Nasahihisha kwanza ndipo natoa.

Kikao kilikuwa chini ya turubai, kwa mvua ndogo. Barua yako ilisomwa na Baba mkubwa wa Sanya Juu. Sikuisikia, lakini niliwatazama nyuso. Kwanza walikuwa wanaangalia saa. Baadaye waliacha. Alipomaliza, mzee mmoja aliinuka na fimbo yake, akaenda mpaka ukutani, akagusa vibao kama mtu anayenunua kitambaa. Na wengine wakamfuata. Miaka sitini ukuta upo pale, nadhani ndiyo mara ya kwanza kuutazama.

Lawrence aliinuka mwisho. Nilimwomba mtoto aniandikie alichosema. Ameandika: "Dada amesema kweli. Nilikuwa sijui tulicho nacho. Nyumba haivunjwi." Wakapiga makofi, hayo niliyasikia.

Maureen, nililia mbele za watu kama mjinga. Umefanya kwa karatasi kile ambacho sikuamini karatasi inaweza. Naomba unisamehe kwa kusema hivyo Oktoba.

Lawrence amezichukua picha zako na barua. Amenunua futi ya chuma, jana kutwa alikuwa anapima ukuta na kuandika kwenye daftari. Sijawahi kumwona anaipenda nyumba hivi.

Shangazi yako,
Aikaeli


Croydon
4 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye tramu, nikapitiliza vituo vitatu. Nilimsomea Bi Jasmeet ile sehemu ya mzee na fimbo, akanipikia chapati.

Kwa wiki mbili nimekuwa mtu mwepesi. Nilizoea kufikiri kwamba kukaa mbali ni kuwa kama mtu aliyefungiwa nyuma ya kioo, unaona midomo inacheza, huwezi kusema kitu. Kumbe neno linaweza kupita.

Ila nauliza jambo. Anapima nini? Nyumba ipo, haiongezeki wala haipungui. Nimempigia mara tatu, hapokei. Ameniandikia tu "surprise dada", na picha ya dole gumba. Nijibu upesi.

Maureen


Siha
19 Machi 2024

Maureen,

Marahaba. Tu wazima. Mvua za masika zimewahi.

Lawrence ameshika neno lake. Nyumba haijavunjwa. Imevuliwa.

Walikuja vijana watano na mitaimbo tarehe 26 Februari. Siku nne wakavitoa vibao vyote, pande nne, wakavipanga kwenye lori. Vingi vya upande wa magharibi vilipasuka. Anajenga loji karibu na barabara ya geti la mlima, na tofali zile zile ndizo alizojengea kuta. Vibao atavigongelea kwa nje. Anasema dada yake msomi amemfungua macho, wageni watakuja kwa ajili ya ukuta huu. Barua yako ameiwekea fremu, ataitundika mapokezi.

Nyumbani zimebaki nguzo na papi zilizoshikilia vibao, na turubai tumelifunga upande wa upepo.

Usimlaumu sana. Alikuja kunionyesha mchoro, anafurahi kama alipokuwa darasa la kwanza amepata vema.

Mimi nalala pazuri.

Aikaeli


Croydon
14 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui niulize nini kwanza. Umelowa? Unalala wapi? "Pazuri" si mahali.

Lawrence alipokea simu Jumanne. Nakuandikia tulichosema, kwa sababu yeye hatakuambia.

Nilimwambia, "Niliandika uiache nyumba."

"Uliandika wageni hawaji kutazama tofali. Si maneno yako hayo? Nimekusikiliza, Dada. Ukoo mzima umekubaliana na wewe mara ya kwanza tangu uzaliwe, sasa unalia nini?"

Nikamuuliza Shangazi analala wapi. Akasema, "Yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo, Mau. Njoo umwone."

Alisema hivyo bila ubaya, kama unavyomkaribisha mtu chai. Nikakata simu.

Sasa nikuambie. Si watu wa kazini walioninyima ruhusa. Kibali changu cha kukaa kiliisha mwaka jana Agosti. Niliomba kipya kabla hakijaisha, kwa hiyo niko hapa kihalali na nafanya kazi kihalali, lakini nikitoka nje ya nchi hii kabla Uhamiaji hawajanijibu, ombi linahesabiwa kuwa nimelifuta, na mlango nimeufunga mwenyewe. Barua zao zote zinasema nisubiri. Kila asubuhi tramu inapita karibu na jengo lao, ghorofa nyingi, taa zinawaka. Natazama madirisha, sijui faili langu liko nyuma ya lipi.

Nilikuficha kwa sababu ulisema watu wanamsikiliza mtu aliyesimama. Sikutaka ujue kwamba siwezi kusimama.

Na ningenyamaza tu, Shangazi, angeivunja baada ya miaka mingine miwili, mitatu, pesa za kumalizia zikipatikana. Ungekuwa bado umo. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Nilitafuta maneno mazuri kuliko yote, usiku na mchana, na nikayapata.

Maureen


Siha
2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juani, kwa hiyo usinifikirie nimelowa.

Kuhusu kibali, nilijua tangu barua yako ya Novemba kwamba kuna kitu. Mtu aliyenyimwa ruhusa na mkubwa wake humtaja mkubwa huyo kwa jina na kumlaani ukurasa mzima. Wewe uliandika mstari mmoja. Nimesahihisha insha miaka thelathini na minne. Sikutaka kukuuliza, kwa kuwa ungenijibu.

Loji ilifunguliwa wiki ya Pasaka, vyumba vinne. Nimehamia huko. Nimepewa chumba cha nyuma, karibu na stoo, kina bati jipya na mlango unaofungwa. Nyumbani kumewekwa majani makavu, na ng'ombe amehamia chumbani kwangu, anaonekana kuridhika.

Nimekwenda kuutazama ukuta. Loji ni kubwa kuliko nyumba, vibao havikutosha, kwa hiyo mafundi wamevitandaza. Wameziachanisha safu mpaka misumari yote iko nje, inaonekana, imeanza kushika kutu. Nilimwambia Lawrence kwamba maji yatapita. Akaniandikia: "Nyuma ni tofali Shangazi, hata yakipita." Ni kweli. Havizuii chochote sasa. Vimevaliwa tu.

Wageni wanaupiga picha. Mmoja alinisimamisha mbele ya ukuta akanipiga picha na mimi. Lawrence alikuwa anamweleza kitu kirefu kwa Kiingereza, huku akionyesha mikono yangu. Sijui alisema nini. Nilitabasamu.

Usijilaumu. Uliandika vizuri. Ningekuwa nakusahihisha, nisingegusa neno.

Aikaeli


Croydon
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hapa ni kiangazi, watu wanalala kwenye majani ya bustani kama waliokufa. Uhamiaji bado hawajajibu.

Nimeipata loji kwenye mtandao. Ipo picha yako. Umeshika sinia, na nyuma yako ni ukuta. Chini wameandika kwamba vibao vilichongwa na babu wa ukoo, na chumba namba tatu wamekiita chumba cha Babu. Kwenye maoni mtu wa Leeds ameandika kwamba ukuta una amani. Nilikaa na neno hilo siku nzima. Kwa nini ulikuwa umeshika sinia?

Nimewaza nifanye nini, na kila ninachowaza kinaanza na "kama ningekuwa huko". Kimoja tu hakianzi hivyo. Nimekodi chumba cha Babu, siku tatu, kuanzia Ijumaa tarehe 9 Agosti. Nimelipa mbele, kwa jina la Bi Jasmeet, ili Lawrence asikatae. Kwenye nafasi ya jina la mgeni nimeandika jina lako kamili. Nenda ukalale humo. Uletewe chai. Usishike kitu. Nataka siku tatu uwe nyuma ya vibao vya baba yako kama mtu mwenye haki ya kuwepo.

Ni upuuzi, najua. Sina kingine.

Maureen


Siha
18 Agosti 2024

Mwanangu Maureen,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 7, Mungu ni mwema. Baridi ya mlima imekuwa kali mwaka huu. Mpe Bi Jasmeet shukrani zangu, umwambie jina lake limeleta taharuki kuliko la mkuu wa wilaya.

Ijumaa nilivaa gauni la kanisani, nikatoka mlango wa nyuma, nikazunguka barabarani, nikaingia kwa mbele na mkoba. Lawrence alikuwa na orodha mkononi akimsubiri Mhindi. Alicheka kwanza. Aliposoma jina langu kwenye nafasi ya mgeni aliacha kucheka. Akanipokea mkoba, akaubeba mpaka chumba namba tatu, hatua kumi hivi, akauweka chini taratibu. 

Chumba ni kizuri. Kitanda kipana, blanketi mbili. Kwa ndani kuta zimepigwa lipu na rangi nyeupe, huoni mbao hata moja. Vibao viko upande wa pili, wanavifaidi walio nje. Nilikaa kitandani nikawaona wageni kupitia dirishani, wamenipa migongo, wanajipiga picha na ukuta. Niliweka kiganja ukutani. Simenti, baridi. Lakini nilipumzika, na chai niliinywa ikiwa moto, nikashukuru kwamba kuna mtu duniani aliyelifikiria hilo.

Nililala siku mbili. Siku ya tatu mchana waliteremka wageni wawili kutoka mlimani, mume na mke, wamelowa, mwanamke anatetemeka, na vyumba vimejaa. Lawrence akaja kwangu. Alisimama tu mlangoni na kofia mkononi. Nikawapisha.

Usikasirike kwa hilo, wala kwa hili ninalokuandikia sasa. Kabla ya kutoka nilibadilisha shuka, nikatandika kitanda, nikakunja taulo mbili mguuni pa kitanda jinsi wanavyozipenda. Hakuna aliyeniambia. Ndivyo ninavyofanya kila asubuhi katika vyumba vyote vinne, na mikono ilikwenda yenyewe.

Shangazi yako,
Aikaeli